Amplifaya ya valvu ikifa: hitilafu hutafutwa umeme ukiwa umezimwa

Ujumbe huwa unaanza vilevile: "Ilikuwa inafanya kazi vizuri, ikapiga mlio kama baruti, sasa haiwaki." Swali linalofuata nalo ni lilelile: valvu mpya zinapatikana wapi? Nimeusoma ujumbe huu mara nyingi, na kila mara naomba kitu kimoja. Usinunue valvu bado. Valvu, ile chupa ya kioo inayokuza mawimbi, ni ghali, na katika amplifaya iliyokufa yenyewe ndiyo inayostahili kushukiwa mwisho. Ukiiweka mpya kwenye mashine ambayo hujaipata hitilafu yake, unaweza kuiua usiku huohuo.

Maelezo haya yanahusu amplifaya za redio ya ridhaa zenye valvu kama 572B au 3-500Z, gridi (wavu wa waya unaodhibiti elektroni zinazotoka kwenye filamenti kwenda anodi, lile bamba lenye volti kubwa) ikiwa imeungwa kwenye chasisi, yaani sanduku la chuma, na ugavi wa umeme wa kati ya volti 2000 na 3500. Njia ninayoifuata haihitaji vifaa vingi. Hitilafu nyingi hujionyesha kwa multimita ya kawaida kwenye kipimo cha omu, plagi ikiwa imechomolewa na imelala juu ya meza mahali unapoiona.

Kabla bisibisi haijagusa kitu

Chukua mfano wa ugavi wenye kapasita nane za mikrofaradi 200, zilizofungwa mfululizo. Kwa pamoja ni mikrofaradi 25, na kwa volti 3000 zinahifadhi jouli 112 hivi. Kiasi hicho kikipita kifuani kinaua, na hakijali kwamba umezima swichi.

Kila kapasita ina rezista yake ya kuinywea chaji, tuseme kiloomu 100. Kwa hesabu hiyo msururu mzima unahitaji karibu dakika mbili kushuka hadi kiwango kidogo, iwapo rezista zote ni nzima. Neno "iwapo" ndilo linalowaumiza watu. Niliwahi kufungua mashine moja dakika chache baada ya kuzimwa. Sindano ya mita ya volti ilikuwa imelala karibu kabisa na sifuri. Nikaunganisha ncha mbili za msururu kwa fimbo yangu ya kutolea chaji, pakawa kimya. Nikaendelea kugusa kapasita moja baada ya nyingine, na kwenye ya sita cheche ikapasuka, ikaacha tundu jeusi dogo kwenye ncha ya shaba. Rezista ya kapasita ile ilikuwa imekatika ndani, ingawa kwa nje rangi zake zilikuwa safi. Kapasita yenyewe ilikuwa imebaki na chaji yake, na kuunganisha ncha za msururu hakukuwa kumeitoa, kwa kuwa zile saba nyingine zilikaa katikati ya njia.

Tangu siku hiyo utaratibu wangu haubadiliki. Chomoa plagi. Subiri dakika tano. Toa chaji kwa fimbo kavu ya kuhami yenye ndoano ya chuma, waya wake ukiwa umefungwa kwa boliti kwenye chasisi, na rezista ya omu 100 hivi yenye wati za kutosha ikiwa njiani ili kishindo kisiwe kikubwa. Kisha unganisha moja kwa moja, bila rezista. Baada ya hapo gusa kapasita moja moja, ncha kwa ncha. Mwisho bana waya kati ya njia ya volti kubwa na chasisi, uuache hapo muda wote unaofanya kazi, uuondoe tu unapowasha kwa jaribio. Mkono mmoja unafanya kazi, mwingine mfukoni. Swichi ya usalama ya mfuniko isizibwe kwa mkanda, na kama fundi aliyetangulia aliiziba, irudishe kwanza.

Jambo la pili ni multimita. Nyingi zimeandikwa mwisho wa volti 600 au 1000. Ukiielekeza kwenye volti 3000, umeme unaweza kuruka ndani yake hadi kwenye vidole vyako. Kupima volti kubwa kunataka probu maalumu inayogawa kwa 1000. Kama huna, fanya kazi kwa omu tu. Utafika mbali kuliko unavyodhani.

Dalili: fyuzi inaungua mara tu unapowasha

Hii ndiyo dalili inayowachosha watu wengi, na pia ndiyo yenye njia iliyonyooka kuliko zote. Kosa kubwa ni kuweka fyuzi nyingine, kisha nyingine kubwa zaidi. Fyuzi ya kwanza imeshakueleza kwamba mahali fulani pana shoti. Ukiweka kubwa zaidi, kitakachoungua badala yake ni transfoma, na hiyo ni nzito, ni ghali, na huenda haitengenezwi tena.

Toa valvu zote uziweke mahali salama. Tengeneza waya wa majaribio wenye taa ya zamani ya waya wa moto, wati 100, iliyofungwa mfululizo na njia ya umeme. Taa ya LED haifai kwa kazi hii. Taa ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia ndani ya sekunde chache, ni kapasita zilikuwa zinajaa, na ugavi uko karibu na uzima.

Sasa chomoa, toa chaji upya kama mwanzo, kisha kata mzunguko vipande vipande. Ng'oa waya za transfoma zinazoelekea kwenye dayodi, uzihami vizuri zisiguse kitu, kwa sababu zinabeba volti zinazoua hata kupitia taa. Jaribu tena. Taa ikiendelea kung'aa, tatizo liko kwenye transfoma yenyewe au upande wa umeme wa nyumba: feni, waya uliochubuka, au kile kidonge cha kuzuia mipigo ya umeme ambacho kikizeeka hupiga shoti. Transfoma yenye mizunguko iliyogusana hunguruma na kupata joto hata bila mzigo. Mimi naiacha na taa yake kwa muda, kisha naizima, nachomoa, na naweka kiganja juu yake. Ikiwa vuguvugu bila kazi yoyote, hukumu imeshatoka.

Taa ikififia baada ya kuondoa waya zile, transfoma iko salama na safari inaendelea mbele, kwenye dayodi. Hizi mara nyingi ni 1N4007 au 1N5408, zote za volti 1000, zikiwa zimepangwa kadhaa mfululizo kwa kila mkono, yaani kila tawi la mzunguko. Zipime moja moja. Msururu mzima hauwezi kupimwa kwa mita ya kawaida, maana kila dayodi inataka zaidi ya nusu volti na jumla yake inazidi uwezo wa kipimo. Dayodi nzima huonyesha volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja na hakuna kitu upande wa pili. Ukikuta moja imepiga shoti, usiibadilishe hiyo peke yake. Zilizobaki kwenye mkono ule zimekuwa zikibeba mzigo wake, na huwezi kujua zimechoka kiasi gani. Badilisha mkono mzima. Dayodi ni bei ndogo kuliko kitu chochote kingine ndani ya sanduku hilo.

Kisha kapasita. Angalia kichwa kilichovimba, majimaji yaliyokauka chini, harufu ya samaki. Pima kila rezista pale ilipo, lakini uwe na subira: kapasita ya mikrofaradi 200 inajaa polepole kupitia mita, na namba itapanda taratibu kabla ya kutulia. Anayesoma sekunde ya kwanza ataandika omu 3000 na kuitupa rezista nzima. Rezista moja ikipanda thamani au kukatika, kapasita yake inabeba volti nyingi kuliko wenzake. Ikizidi 450 iliyoandikwa ubavuni, inaanza kupata moto, inavuja, inapasuka. Kwa hiyo ukikuta kapasita moja imepasuka na nyingine ni nzima, kabla ya kuilaumu pima rezista iliyo pembeni yake.

Ukizimaliza hizo bila kupata kitu, shoti iko mbele zaidi, kwenye njia ya kwenda anodi: zile kapasita bapa za kauri zilizo chini ya choki ya anodi (koili inayopitisha umeme wa ugavi lakini inazuia mawimbi ya redio), kihami cha choki chenyewe, au kapasita inayozuia volti kubwa isifike kwenye antena. Hii ya mwisho nina neno nayo. Ikipiga shoti, volti 3000 zinaingia kwenye koili za kutuni na kuelekea kwenye waya wa antena. Ndiyo maana mashine iliyotengenezwa vizuri ina choki ndogo kutoka kwenye soketi ya antena hadi chasisi: inailazimisha fyuzi ikatike. Pima choki hiyo kila unapofungua mashine. Inapaswa kuonyesha omu chache tu. Kama imekatika, antena yako haina mlinzi.

Dalili: mita ya volti kubwa inasoma sifuri, lakini fyuzi ni nzima

Usiamini sifuri hiyo. Mita hupata kipimo chake kupitia msururu wa rezista zenye thamani kubwa. Mita ya miliampea 1 inayosoma hadi volti 5000 inahitaji megaomu 5. Rezista za kaboni za zamani hupanda thamani kwa miaka, na moja ikikatika mita inalala wakati volti zote zipo. Pima msururu huo ukiwa umezima na kutoa chaji. Ukiukuta mzima, angalia mfumo wa kuwasha polepole: rezista yake ya omu chache ikiungua kabla rilei (swichi ya umeme inayoiruka rezista hiyo baada ya muda mfupi) haijafunga, transfoma haipati umeme kabisa.

Volti zikiwa zipo ila chini ya kawaida, sababu ni chache. Rilei hiyohiyo haikufunga, hivyo rezista imebaki njiani na inaunguza vumbi lake. Au mkono mmoja wa dayodi umekatika. Au transfoma imeungwa kwenye ncha ya volti 240 huku nyumbani unapata 220. Hilo la mwisho huwapata wanaonunua mashine iliyotoka nchi nyingine, na ni la kuangaliwa siku ya kwanza kabisa.

Dalili: volti zipo, lakini mkondo wa utulivu haupo

Hapa namaanisha ule mkondo mdogo wa anodi unaoonekana ukibonyeza kurusha bila kuzungumza. Ukiwa sifuri, usiongeze nguvu kutoka kwenye redio kujaribu "kuamsha" mashine. Valvu yenye gridi kwenye chasisi ikipewa msukumo bila volti ya anodi, elektroni zote zinakimbilia kwenye gridi, na gridi ni waya mwembamba. Ni njia ya haraka mno ya kuharibu valvu nzima.

Anza na macho. Filamenti inang'aa? 3-500Z inataka volti 5 na karibu ampea 15 kwa valvu moja. Kwa mkondo huo, kiungo chenye omu 0.02 tu kinakula volti 0.3, na valvu inazimia polepole. Kwa hiyo volti ya filamenti hupimwa kwenye miguu ya soketi, kamwe isipimwe kwenye transfoma. Ukitaka kuipima, hakikisha kwanza volti kubwa imekatwa na kutolewa chaji, na filamenti peke yake ndiyo inayowaka. Inapaswa kuwa ndani ya asilimia 5 juu au chini.

Valvu hizi zina ugonjwa mmoja ambao nimeuona ukiwafanya watu watupe valvu nzuri. Feni ikichoka, miguu ya filamenti hupata moto hadi lehemu iliyo ndani yake inayeyuka na kudondoka. Valvu inawaka leo, kesho haiwaki, ukiitikisa inarudi. Igeuze uangalie ncha za miguu: ukiona shimo mahali palipopaswa kuwa na kibonge cha fedha, umepata. Isafishe miguu, ijaze lehemu upya kwa chuma chenye moto wa kutosha, kisha utafute kwa nini hewa haikutosha. Angalia pia vibano vya soketi, kwani vilivyolegea huleta maradhi hayohayo.

Filamenti ikiwa nzima, fuata njia ya kathodi (kwa valvu hizi ni filamenti yenyewe) kurudi kwenye hasi ya ugavi. Njiani kuna dayodi ya zena inayoweka mkondo wa utulivu, mara nyingi fyuzi ndogo, na rilei inayoamua kati ya kusubiri na kurusha. Chochote kati ya hivyo kikikatika, valvu inafungwa. Mwisho pima choki ya anodi. Ikiwa imekatika utapata volti kwenye ugavi bila kuzipata kwenye kofia ya valvu, na gridi itanywa mkondo mkubwa kwa msukumo mdogo.

Kinyume chake, mkondo wa utulivu ukiwa mkubwa kupita kiasi, zena imepiga shoti. Mkondo ukionekana hata katika hali ya kusubiri, rilei imeganda au gridi imegusana na filamenti ndani ya valvu. Pima kati ya gridi na filamenti valvu ikiwa nje ya soketi. Pasiwe na mawasiliano yoyote. Anodi ya chuma ya 3-500Z huwa nyekundu ikifanya kazi nzito, na hilo ni la kawaida. Nyekundu wakati wa kusubiri, au valvu moja tu kati ya mbili, si la kawaida.

Dalili: kishindo kimoja, kisha mita zote zimekufa

Ili kuielewa hii lazima ujue kwamba hasi ya ugavi haijaungwa moja kwa moja na chasisi. Imeinuliwa kwa rezista ndogo ili mita ziweze kusoma mkondo wa anodi na wa gridi kila mmoja peke yake. Umeme unaporuka kutoka anodi hadi gridi, mkondo wote wa kapasita unarudi kupitia rezista hiyo na kupitia mita. Katika mashine isiyo na ulinzi, hasi inaruka maelfu ya volti chini ya chasisi kwa muda mfupi, na kila kitu kidogo kilicho njiani kinaungua: mita, zena, rezista ya kipimo, wakati mwingine hata saketi ya rilei.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Dayodi nene zilizofungwa kati ya hasi na chasisi, zikielekeana kinyume, na nyingine mbili kwenye kila mita. Halafu rezista ya waya ya omu 10 hadi 50 kwenye njia ya volti kubwa. Kwa volti 3000 na omu 25, mkondo wa shoti hauwezi kuzidi ampea 120. Bila rezista hiyo, kinachouzuia ni ukinzani wa waya tu. Kama mashine yako haina ulinzi huu, uongeze wakati bado umeifungua, na kila baada ya kishindo upime dayodi hizo kwanza. Zikiwa zimekatika pamoja na rezista ya hasi, basi hasi inaelea, na kuigusa ni hatari sawa na kugusa chanya.

Kishindo chenyewe kilitoka wapi? Wakati mwingine ni mdudu au vumbi kati ya bamba za kapasita ya kutuni, au antena ilikatika ukiwa unarusha. Utaona alama za kuungua kwenye kingo, na msasa laini unatosha kuziondoa. Wakati mwingine valvu imeingiwa na gesi kwa kukaa miaka bila kuwashwa. Rangi ya buluu inayong'aa juu ya kioo ni ya kawaida. Ukungu wa zambarau kati ya anodi na gridi ni gesi. Na wakati mwingine mashine imeanza kujitengenezea mawimbi yenyewe kwenye masafa ya juu ya VHF, jambo linalozuiwa na zile koili ndogo zenye rezista kwenye kofia za anodi. Pima rezista hizo. Nyingi ni za omu 47 hadi 100, na zilizopata moto huwa zimepanda mno huku zikionekana nzima.

Dalili: inafanya kazi, ila nguvu ni ndogo

Ikiwa ni bendi moja tu, angalia swichi ya bendi na koili ya kuingilia ya bendi hiyo. Ikiwa ni bendi zote, pima filamenti kwenye soketi kama nilivyoeleza, safisha ncha za rilei ya antena, kisha badilishana nafasi za valvu mbili. Udhaifu ukihama na valvu, hapo sasa unaweza kuulizia valvu mpya.

Kuirudisha kazini

Usiiwashe moja kwa moja kwenye umeme kamili. Valvu zikiwa nje, anza na ile taa ya wati 100, halafu kwa transfoma ya kupandisha volti taratibu kama unayo. Kwa kapasita zilizokaa miaka bila umeme, panda polepole kwa saa kadhaa. Zima, toa chaji, gusa kila kapasita tena. Rudisha valvu, acha filamenti ziwake kwa muda mrefu kabla ya volti kubwa. Angalia mkondo wa utulivu na uulinganishe na kitabu cha mashine. Ukiwa sawa, unga mzigo wa bandia (rezista kubwa inayowekwa badala ya antena), peleka wati 10 tu kutoka kwenye redio, na utuni huku ukiitazama sindano ya gridi kuliko ile ya anodi. Ikipanda haraka kuliko ya anodi, acha kurusha hapohapo, zima, na usubiri dakika zako tano kabla ya kufungua mfuniko.